Kuchora Mawazo kwa Kompyuta

Natumaini mwalimu amekwisha wagawia karatasi hizi. Fuateni kwa kidole ninaposema.

Tuseme kikundi chenu chataka kukopa fedha ili kifuge kuku. Kila mmoja ana wazo lake: huyu asema banda, yule asema soko. Mkiandika yote kwa mistari mirefu, mtapotea. Basi andikeni neno moja katikati: KUKU. Kisha toeni matawi: Banda, Chakula, Magonjwa, Soko, Fedha. Kila tawi na litoe vitawi vyake. Huo mchoro huitwa ramani ya mawazo. Mwingereza Tony Buzan aliueneza sana kwa vipindi vya televisheni ya BBC mwaka 1974.

Sasa tazameni tawi la Magonjwa. Chini yake andikeni Kideri. Chini ya Kideri, Chanjo: tone moja katika jicho la kuku, na kurudia kila baada ya miezi mitatu. Haya, nani atalipia? Rudini kwenye tawi la Fedha. Je, chanjo imo? Kama haimo, mkopo mnaotaka kuomba hautoshi, na ni heri kujua leo kabla hamjatia sahihi. Kikundi kisichoona hivyo chaweza kuamka asubuhi kikakuta kuku wamelala chini na deni limesimama.

Karatasi yatosha kwa kuanzia. Lakini mkibadili shauri, karatasi hujaa mikwaruzo. Hapo ndipo kompyuta inapofaa. Ikiwa ya darasa lenu ni kuukuu, huenda inatumia Linux, programu mama iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, Finland. Hailipiwi.

Programu za kuchora ramani hizi ni nyingi. XMind yapendeza macho, lakini mambo yake mengine ni ya wanaolipa tu. FreeMind ni ya zamani. Mimi nawashauri mchukue Freeplane, iliyozaliwa kutokana na FreeMind na hufungua ramani zake. Ni ya bure, wala haihitaji intaneti ikiwa imekwisha kuwekwa. Tena faili lake, lenye mwisho wa .mm, ni maandishi matupu. Hata programu ikitoweka kesho, maneno yenu yatasomeka kwa programu yoyote ya kuandikia. Kwangu mimi hilo lapita uzuri wote wa rangi. Kumbukumbu za kikundi si mali ya kufungiwa katika sanduku ambalo ufunguo wake anao mtu mwingine.

Katika Ubuntu au Debian, fungueni dirisha la amri mkiwa na intaneti, mwandike:

sudo apt install freeplane

Mtaulizwa neno la siri. Mnapoliandika, hamtaona herufi hata moja. Msidhani kibodi imekufa; andikeni hadi mwisho, bonyezeni Enter. Freeplane hutegemea Java, kwa hiyo kwenye kompyuta dhaifu huchelewa kufunguka. Ngojeni, msibonyezebonyeze kwa pupa.

Ikifunguka, mtaona kisanduku katikati. Bonyezeni F2, futeni maneno yaliyomo, andikeni KUKU, kisha Enter. Sasa bonyezeni Tab: tawi jipya latokea. Andikeni Banda. Hapa wengi hukwama, basi someni polepole. Enter ya kwanza hufunga maandishi. Enter ya pili huleta tawi jingine kando ya lile la kwanza, kama ndugu yake. Tab huleta mtoto. Mkitaka Chanjo iwe chini ya Kideri, simameni juu ya Kideri, mbonyeze Tab. Ramani ikiwa kubwa, kitufe kirefu cha nafasi hukunja tawi na kulikunjua. Kwa kuhifadhi, shikeni Ctrl mkabonyeze S, na fanyeni hivyo mara kwa mara, kwa maana umeme haupigi hodi ukiondoka.

Kabla ya somo lijalo, kila kikundi kichore ramani ya kazi yake katika karatasi, kisha mtu mmoja aiingize katika kompyuta na wengine wamsomee. Tawi lolote lisilo na kitawi liwekeeni alama ya kuuliza. Tutaanzia hapo. Kwaherini.