Tuwasikilize Wazee Wetu, na Mlango Uwe Wazi

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Ruiri



Tumezoea kukutana kuongea juu ya maji, mbuzi wa maziwa na pesa za mzunguko. Leo tunaleta jambo lingine, na tunajua kuna mtu atauliza: hii historia itatuletea ugali gani? Mtuvumilie kidogo, hata hilo la ugali tutalifikia.

Huko Uingereza na Marekani kuna mitaa ya watu waliostaafu ambao wanaishi pamoja. Baadhi ya mitaa hiyo huandaa mazungumzo juu ya historia ya eneo lao, na jirani yeyote anakaribishwa bure. Sisi hapa wazee wetu wanakaa nyumbani, kila mmoja kwake. Wengine wanashinda peke yao chini ya mti, vijana wakiwa shambani ama mjini. Wanaongea mbele ya watu siku ya mazishi ama ya harusi, na hata hapo wanaambiwa wafanye haraka, mvua inakuja.

Tunachopendekeza ni kidogo tu. Kila kikundi kiweke siku moja kwa mwezi ya kumsikiliza mzee wa hapa akieleza historia ya hapa. Watu wote waje, wa kanisa hili na wa lile, wenyeji na waliohamia, na mtu asilipe kitu.

Wageni walisikiliza mbele yetu

Kazi hii si mpya. Padre Bernardo Bernardi wa Shirika la Consolata alichunguza habari za Mugwe, yule kiongozi wa dini wa Wameru, na kitabu chake kikatoka mwaka 1959. Mwaka 1969 na 1970 Mmarekani Jeffrey Fadiman alizunguka Meru akiwauliza wazee sana juu ya vita, koo na mabaraza ya zamani. Kitabu chake kikubwa kilichapishwa California mwaka 1993. Kule Embu na Mbeere, H. S. K. Mwaniki alikusanya maneno ya wazee, na mwaka 1974 yakatoka kwa kitabu.

Tunawashukuru wote hao. Lakini hebu tujiulize: wajukuu wa wale wazee waliohojiwa, ni wangapi wamewahi kukishika kimoja cha vitabu hivyo? Maneno yalitoka kwa moto wa jikoni yakaenda hadi ng'ambo, na hayakurudi jikoni.

Chukueni habari za Mbwaa. Wazee wanasimulia kwamba Wameru walikaa mahali paitwapo Mbwaa, kando ya maji makubwa, chini ya watu walioitwa Nguo Ntuni, yaani nguo nyekundu. Hao Nguo Ntuni waliwapa kazi zisizowezekana: walete kiatu chenye manyoya pande zote mbili, walete mbwa mwenye pembe. Mwishowe Koomenjoe akawaongoza kutoroka, wakavuka maji. Waliovuka usiku wakaitwa Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri wakaitwa Ntune, wekundu. Waliovuka jua likiwa limetoka wakaitwa Njeru, weupe. Fadiman alifikiri Mbwaa ni kisiwa cha Manda karibu na Lamu, na wasomi wengine wana mawazo yao. Mtoto wa Ruiri anajua vizuri habari za Musa na Bahari ya Shamu. Si vibaya ajue na hii, na aisikie kwa babu yake kabla hajaisoma kwa kitabu cha mgeni.

Faida yake ni gani?

Sasa tufike kwa ugali. Upimaji wa mashamba katika Kenya unafuata sheria ya mwaka 1968 ambayo inataka kamati ya wakazi wa mahali isikilize ni nani ana haki gani juu ya ardhi. Sisi wa Ruiri na Rwarera tunajua kesi hizi zinavyochukua miaka. Kamati inauliza: ni nani alifyeka hapa kwanza? Mpaka ulipita wapi? Ule mti ulipandwa na nani? Mwenye kujua akiwa amekufa, anayebaki kusikilizwa ni mwenye sauti kubwa ama mwenye wakili. Mara nyingi anayepoteza ni mjane na yatima.

Mfano mwingine ni wa Mau Mau. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na mzigo wake ulifika huku pia. Mwaka 2009 wazee watano Wakenya walipeleka kesi London juu ya mateso waliyopata wakati huo. Serikali ya Uingereza ikasema mambo hayo ni ya zamani mno. Oktoba 2012 jaji alikataa hoja hiyo, kwa sababu maandishi yalikuwepo na mashahidi walikuwepo. Juni 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa ajili ya watu 5,228. Lakini kesi nyingine ya watu zaidi ya 40,000 ilikataliwa mwaka 2018. Jaji aliona muda umepita mno, haiwezekani tena kuamua kwa haki.

Mnaona tofauti? Shida ilikuwa ile ile. Kuchelewa kuna bei yake, na anayelipa ni yule maskini.

Akina nyanya nao wapewe kiti

Hapa tuseme wazi. Tukisema wazee, watu wengi wanafikiria wanaume peke yao, na hasa Njuri Ncheke. Tunaiheshimu Njuri. Lakini ikiwa upande mmoja tu ndio unaongea, tunabaki na nusu ya historia.

Aprili 1956 Njuri Ncheke ilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana Meru, ikiungwa mkono na serikali ya kikoloni. Ukisoma hiyo tu, utafikiri jambo liliisha siku ile. Halikuisha. Katika miaka mitatu iliyofuata watu zaidi ya 2,400 walishtakiwa kwa kuvunja amri hiyo: wasichana, mama zao na baba zao. Wasichana wengine waliingia vichakani wakakatana wenyewe kwa nyembe. Wakaitwa Ngaitana, maana yake nitajitahiri mwenyewe. Mtaalamu Mmarekani, Lynn Thomas, alizijua habari hizi vizuri kwa sababu katika miaka ya 1990 alikuja kuwauliza wale akina mama.

Msichana aliyekuwa na miaka 12 wakati ule leo amepita 80. Yuko kati yetu. Tangu 2011 tuna sheria kali ya kukataza ukeketaji, na kanisa linaunga mkono. Hata hivyo desturi hii haijakwisha kabisa. Je, si afadhali tumwulize huyu nyanya: ni nini kiliwafanya mkatae amri ya wazee? Ni nani angewaeleza, mkamsikia? Na leo, ukitazama nyuma, unawaambia nini wajukuu wako? Jibu lake linaweza kutufundisha kuliko semina tatu.

Namna ya kuanza

1. Chagueni jambo moja kwa siku moja. Mkisema "tueleze historia yote," mzee atachoka na nyinyi pia. Semeni: leo ni njaa na ukame. Mwezi ujao ni wakati wa hali ya hatari. Halafu shule ya kwanza, halafu soko.

2. Mwiteni mzee mapema, kwa heshima, na watu wawili waende kwake. Msimtumie mtoto na salamu.

3. Kwa msikilizaji ni bure. Kwa kikundi si bure. Toeni chai, na nauli ya pikipiki ya mzee itoke kwa mfuko wa kikundi. Lakini asilipwe kwa maneno, maana anayelipwa huanza kusema anachotaka mlipaji. Kiingilio nacho, hata cha shilingi ishirini, kitamwacha yule mjane nje ya mlango.

4. Sekretari aandike, na kijana mmoja arekodi kwa simu. Kwanza mwombe mzee ruhusa. Akisema hili lisiandikwe, lisiandikwe.

5. Msibishane juu ya miaka. Mzee hatasema 1943. Muulizeni: ilikuwa kabla ya rika gani kutahiriwa, Miriti, Guantai ama Gichunge? Ulikuwa umeolewa? Ilikuwa kabla ya Uhuru wa 1963? Hivyo mtaupata mwaka bila kumwaibisha.

6. Wazee wawili wakitofautiana, andikeni maneno ya wote wawili na majina yao. Kikundi si mahakama.

7. Mrudie mzee, msomee mlichoandika, arekebishe. Nakala moja ibaki kwa kikundi, nyingine ipelekwe shuleni ama ofisi ya kanisa. Simu hupotea na daftari huliwa na mchwa, kwa hivyo nakala moja haitoshi.

Jambo moja la kuangalia: kesi ya shamba ambayo iko kortini ama kwa kamati isiletwe kwa mkutano huu. Mkiruhusu mara moja, mzee atakuwa amegeuzwa shahidi wa upande mmoja, na siku nyingine hatakuja.

Mnakumbuka Yoshua sura ya 4. Waisraeli walipovuka Yordani waliweka mawe kumi na mawili, ili watoto wakiuliza maana yake, wazazi wapate kueleza. Jiwe peke yake haliongei. Kazi ya kueleza ilibaki kwa mtu.

Basi tusingoje mradi wala mfadhili. Benchi tunazo, chai tunaweza, na wazee bado wachache tunao. Tukutane tena baada ya miezi mitatu, kila kikundi kituletee daftari lake.

Maswali ya kuzungumza kwa kikundi

1. Ni nani mtu mzee kuliko wote katika kijiji chetu, mwanamume na mwanamke? Ni lini tuliwatembelea mara ya mwisho?
2. Ni ugomvi gani hapa kwetu ungekwisha kama tungejua yaliyotokea zamani?
3. Ni habari gani za wanawake ambazo hazijawahi kusemwa mbele ya watu?
4. Mkutano wetu wa kwanza utakuwa lini, juu ya jambo gani, na nani ataleta maziwa ya chai?