Dakika Moja ya Kuhesabu: Upimaji Mfupi wa Hisabati kwa Watoto wa Madarasa ya Mwanzo

Mtihani wa mwisho wa muhula humjulisha mwalimu kile ambacho mtoto hakukielewa wakati muda wa kumsaidia umekwisha kupita, na ndiyo maana mhadhara huu unajadili upimaji mfupi wa mara kwa mara, yaani kazi ndogo ya dakika moja hivi ambayo mwanafunzi hupewa kila baada ya wiki chache ili maendeleo yake yaonekane angali akijifunza. Msingi wake uliwekwa na Stanley Deno na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kuanzia miaka ya 1970, na mwaka 2004 Ben Clarke na Mark Shinn walichapisha utafiti wa vipimo vinne vya darasa la kwanza: kuhesabu kwa mdomo, kutambua namba zilizoandikwa, kutaja iliyo kubwa kati ya namba mbili, na kutaja namba inayokosekana katika mfuatano.

Kazi hizo ni nyepesi kwa sura tu. Mtoto anayehesabu vizuri hadi 29 kisha akasema "ishirini na kumi" ameshika barabara kanuni ya kuongeza moja, ila hajalijua jina la kumi linalofuata, na mazoezi machache ya kuhesabu kwa makumi yatamtosha. Anayesema 19 ni kubwa kuliko 21 kwa kuwa ameiona 9 ana tatizo jingine kabisa, la thamani ya nafasi, yaani hajatambua kwamba 2 iliyo mahali pa makumi ni ishirini. Huyo hata akikaririshwa mchana kutwa hatafika, bali apewe vijiti vilivyofungwa kumikumi, avifungue na kuvifunga kwa mikono yake mwenyewe. Alama ya kosa daftarini huwaweka watoto hawa wawili katika kundi moja, na kwa kufanya hivyo huwadhulumu wote wawili.

Hata hivyo, matokeo ya siku moja hayatoshi, kwani mtoto huweza kuwa na njaa au woga. Kama ilivyo katika kadi ya kliniki, kinachosomwa ni mwelekeo wa mstari unaounganisha nukta.

Tanzania Bara, ambako tangu 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulielekezwa katika kusoma, kuandika na kuhesabu, hoja ya wingi wa wanafunzi ni ya kweli, lakini haizuii kazi hii: katika darasa la watoto 60, mwalimu anayewaita sita kila siku, wengine wakiwa kwenye zoezi, humaliza mzunguko kwa siku kumi za masomo. Saa ni ya mwalimu, na mtoto asihimizwe kushindana nayo.

Walimu wakuu na wadhibiti ubora wa shule wanaombwa wasizikusanye alama hizi ili kuwapanga watoto kwa nafasi; ziachwe kwa mwalimu wa darasa, ambaye kesho yake asubuhi ndiye atakayeamua nani arudishwe kwenye vijiti.