Homoni ya Dakika Mbili na Sindano ya Wiki Moja



Tunapokula, utumbo hutoa homoni iitwayo GLP-1. Homoni hiyo huliamsha kongosho litoe insulini, hupunguza mwendo wa chakula kutoka tumboni, na huuarifu ubongo kwamba shibe imefika. Lakini haidumu. Kimeng'enya kiitwacho DPP-4 huikata asidi amino mbili za mwanzo, nayo hupoteza nguvu. Kisha figo huondoa mabaki. Katika dakika mbili hivi, nusu yake huwa imekwisha kuvunjwa. Ndivyo mwili unavyoupa kila mlo kipimo chake.

Watengenezaji wa dawa za kisukari wameutumia ujuzi huo kwa njia mbili. Vidonge vya sitagliptini, vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 2006, hukizuia kimeng'enya chenyewe. Semaglutidi ya sindano, kwa upande wake, ni mfano wa homoni hiyo uliobadilishwa usikatwe upesi. Nusu yake huchukua takribani wiki moja kutoweka. Ndiyo maana hudungwa mara moja kwa wiki.

Hapo ndipo mnunuzi anapopaswa kuwa macho. Dawa inayokaa mwilini hivyo, kipimo chake kikizidi, haiondoki upesi, na kutapika kwaweza kuendelea kwa siku kadhaa. Mwezi Juni 2024, Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia iliyogunduliwa Brazili, Uingereza na Marekani. Iwapo kalamu bandia imetiwa insulini, sukari ya damu yaweza kushuka hadi mtu akazirai.

Kwa hiyo twawashauri haya:

Dawa hii inunuliwe kwa cheti cha daktari, katika duka la dawa lililosajiliwa, na risiti idaiwe.

Kalamu ambayo haijaanza kutumika hutunzwa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Inayouzwa mkononi au kuletwa ndani ya mfuko wa kawaida ikataliwe.

Namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi zisomwe, na zilingane kwenye boksi na kwenye kalamu.

Unga au chai inayodaiwa kuwa na homoni ya shibe isiaminiwe. Homoni hiyo ni ya jamii ya protini. Ikimezwa bila kinga maalumu, tumbo huimeng'enya kama linavyomeng'enya maharagwe.

Mwenye kisukari asiache dawa zake kwa ajili ya tangazo lolote kabla ya kuonana na daktari wake.