Hakuna Mfumo Ulio Salama kwa Jina Lake



Ipo imani iliyoenea maofisini kwamba virusi vya kompyuta ni maradhi ya Windows peke yake, na kwamba anayenunua Mac au kuweka Linux amekwisha kupona. Imani hiyo haikosi chembe ya ukweli. Virusi vingi huandikwa kwa ajili ya Windows kwa sababu ndiyo iliyo juu ya meza nyingi, na mvuvi hutupa wavu palipo na samaki. Hata hivyo, Elk Cloner, kirusi kilichosambaa kwa diski mwaka 1982, kilikaa katika kompyuta za Apple kabla Windows haijazaliwa. Mwaka 2012 Flashback iliingia katika Mac zaidi ya 600,000 kupitia ufa wa programu ya Java. Dawa ya ufa huo ilikwisha kutolewa Februari kwa wenye Windows. Wenye Mac waliipata Aprili.

Linux nayo haikusalimika. Mwaka 2016 Mirai ilizitwaa kamera za ulinzi na ruta zinazoendeshwa kwa Linux, kwa kujaribu tu nywila zilizowekwa kiwandani. Kisanduku kinachogawa intaneti katika kona ya masjala ni ndugu wa vifaa hivyo, na ni nadra mtu kukumbuka kubadili nywila yake.

Yaliyozipata hospitali za Uingereza kuanzia tarehe 12 Mei 2017 yanastahili kuelezwa zaidi. WannaCry ilifunga mafaili na kudai malipo, ikihama kutoka kompyuta hadi kompyuta bila mtu kubofya chochote. Madaktari wakakosa kumbukumbu za wagonjwa, miadi kwa maelfu ikafutwa, na baadhi ya magari ya wagonjwa yakaelekezwa kwingine. Microsoft ilikuwa imetoa dawa ya ufa huo tangu Machi. Kompyuta nyingi zilizoathirika zilikuwa na Windows 7, mfumo uliokuwa bado ukihudumiwa. Kilichokosekana ni mkono wa kuusasisha.

Kwa hiyo swali la mfumo upi ununuliwe ni dogo kuliko lile la nani atausasisha, na lini. Masasisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta ya mapokezi katika kituo cha afya haitamwambia mgonjwa kwamba imezeeka.

Kuhusu flashi zinazotoka kwenye maduka ya kuchapishia: Mac inaweza isidhurike na kirusi cha Windows kilichomo, lakini ikakihifadhi kama mbu anavyohifadhi malaria, hadi faili lifike kwa jirani. Nayo nakala ya akiba ya kumbukumbu za wagonjwa na za mapato iwekwe katika diski inayochomolewa mara kazi ya kunakili ikiisha, kwa maana diski iliyoachwa imechomekwa hufungwa pamoja na kompyuta yenyewe.