Daftari na Sanduku Visilale Nyumba Moja

(Muziki wa kipindi. Unashuka taratibu.)

MTANGAZAJI: Mwenye kibanda, mwenye cherehani, muuza samaki, muuza makaa, mwenye sinia la nyanya mbele ya mlango, na ninyi mlio katika vikundi vya akiba na likelemba, leo nazungumza na ninyi hasa.

Mada yetu ni hii: biashara yako itaendeleaje siku balaa likija? Sizungumzii namna ya kuzuia balaa, maana mvua haituombi ruhusa. Nazungumzia kesho yake asubuhi. Utaanzia wapi?

Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Kabla ya kuja kuishi huku kambini, nilikaa Bugoye, wilaya ya Kasese, kwa mama mdogo. Wengi wenu mnapajua. Ni chini ya milima ya Rwenzori, kando ya mto Mubuku. Sisi tuliotoka upande wa Beni na Kasindi hatukujiona wageni sana kule, maana Wanande na Wakonzo ni watu wa ukoo mmoja, mpaka tu ndio umepita katikati.

Mama mdogo alikuwa katika kikundi cha akiba cha wanawake 22. Hisa moja ilikuwa shilingi 2,000. Kwa kuwa mimi nilikuwa nimesoma sekondari, walinipa kazi ya ukatibu. Kila Jumapili mchana niliandika nani ameweka, nani amekopa, nani amerudisha. Sanduku letu lilikuwa la chuma, lenye kufuli tatu, na funguo zake zilikaa kwa mama watatu tofauti. Tulijivunia sana kufuli zile.

Kisha ikaja Machi 2020 na korona. Mikutano ikakatazwa, magari yakasimamishwa, na jioni kila mtu alitakiwa awe ndani. Kikundi hakikukutana wiki baada ya wiki. Sanduku lilibaki kwa mama mdogo, na daftari nililiweka juu ya sanduku, nikavisukuma vyote chini ya kitanda. Niliona ni mahali salama.

Tarehe 7 Mei 2020 mito ya Kasese ilifurika. Mubuku, Nyamwamba, Nyamughasana, na kule Bwera mto Lhubiriha. Sisi tulitoka usiku na watoto mgongoni. Asubuhi tuliporudi, nusu ya nyumba haikuwepo. Sanduku halikuwepo. Daftari halikuwepo. Tulikuwa tumefunga kufuli tatu kwa ajili ya mwizi, na hatukuwa na mpango wowote kwa ajili ya maji.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Sasa sikilizeni vizuri, maana hasara kubwa haikuwa ile ya usiku.

Tulipokutana tena, mwenyekiti alisema: kila mtu aseme kiasi alichoweka na kiasi alichokopa. Mimi kichwani nilikumbuka kwamba jumla ya akiba ilikuwa karibu shilingi 1,640,000, na sehemu kubwa ilikuwa nje, mikononi mwa waliokopa. Lakini tulipojumlisha yale yaliyosemwa pale, akiba ilifika zaidi ya 2,100,000. Na mikopo? Mikopo ilipungua. Walioweka walikumbuka kingi, waliokopa walikumbuka kidogo.

Sisemi kwamba mama wale walikuwa waongo. Mtu aliyelala darasani na watoto watano, atakumbuka vipi hisa za mwezi wa pili? Lakini hapakuwa na karatasi ya kutusaidia. Mmoja akamwambia mwenzake maneno mazito. Mwingine akaniuliza mimi, mbele ya watu wote, kama kweli maji ndiyo yaliyochukua sanduku. Kikundi kilikufa siku ile. Wanawake wawili waliokuwa wakilima shamba moja hawasalimiani mpaka leo.

Pesa iliyokuwa ndani ya sanduku maji yaliichukua, ni kweli. Lakini ile iliyokuwa nje kwa waliokopa maji hayakuigusa. Hiyo ingetosha kutuanzisha upya. Tuliipoteza kwa sababu ya daftari moja la shilingi elfu chache.

Ndugu msikilizaji, benki na makampuni makubwa wana mpango wa mambo haya. Wanaandika mapema hatari zinazoweza kuwapata, wanachagua kazi ambazo haziwezi kusimama, na nakala za kumbukumbu zao wanazitunza mahali pengine, mbali na ofisi. Jengo likiungua leo, kesho wanafungua kazi jengo lingine. Hakuna uchawi hapo. Na hakuna sababu muuza samaki asifanye hivyo kwa kiasi chake.

Tuchukue hatua moja moja.

Hatua ya kwanza: zitaje hatari zako, na usitaje moja tu. Mkumbuke Bwera na soko la Mpondwe. Juni 2019 mtoto wa miaka mitano aliyetoka Kongo na jamaa zake alithibitishwa kuwa na Ebola, na mikusanyiko ya Kasese ikasimamishwa kwa muda, siku za soko zikiwemo. Machi 2020 korona ikafunga mpaka kwa wasafiri. Malori ya mizigo yaliendelea kupita, lakini mama anayevuka kwa miguu na beseni lake alibaki nyumbani. Mei 2020 Lhubiriha ikafurika. Mapigo matatu kwa muda usiofika mwaka mmoja, na kila moja lilikuja kwa mlango wake. Aliyejiandaa kwa mafuriko peke yake alikuwa amejiandaa kwa theluthi.

Kwa hiyo kaa na jamaa yako au kikundi chako, mwulizane: kwetu hapa ni nini kinaweza kutusimamisha? Moto wa vibanda vya nyasi na turubai? Upepo? Ugonjwa wa mwenye biashara? Wizi? Kupunguzwa kwa mgao? Mnakumbuka Aprili 2020 mgao wa chakula kwa wakimbizi wa Uganda ulipunguzwa kwa asilimia 30. Siku mgao unapopungua, wateja wako wanapungua mfukoni, na waliokopa kwako wanachelewa kulipa. Hiyo nayo ni hatari, ingawa haina kelele.

Hatua ya pili: chagua kitu kimoja ambacho kikisimama, biashara imekufa. Kwa fundi cherehani si meza wala kibanda, ni kichwa cha cherehani. Kwa muuza samaki ni mtaji wa kununulia mzigo wa kwanza. Kwa kikundi cha akiba ni kumbukumbu. Ukishakijua, hicho ndicho unachokimbia nacho ukishawatoa watoto. Watoto kwanza. Vitu vingine vyote baadaye, na kama maji yamefika magotini, usirudie kitu chochote.

Hatua ya tatu, na ndiyo ninayotaka muikumbuke hata mkisahau zote: tenganisha. Sanduku nyumba hii, daftari nyumba nyingine, na nyumba hizo zisiwe kando ya mto mmoja. Kila mwanachama awe na kadi au kijitabu chake, kikigongwa muhuri au kutiwa sahihi siku ileile anayoweka. Mwisho wa kila mkutano, katibu asome kwa sauti: sanduku lina kiasi hiki, mikopo nje ni kiasi hiki. Wanachama wote wairudie kwa pamoja kama watoto wa shule. Msicheke. Kichwa kimoja kinasahau, vichwa 22 havisahau kwa pamoja. Na kama kuna mtu mwenye simu ya kupiga picha, apige picha ya ukurasa wa siku hiyo na kumtumia mwanachama anayekaa mbali.

Jambo hili hata hospitali zimelipata kwa uchungu. Kule Kilembe, juu ya mji wa Kasese, hospitali iko karibu na mto Nyamwamba. Mei 2013 maji yaliingia humo, wagonjwa wakahamishwa. Mei 2020 mto uleule ulirudi tena katika hospitali ileile. Mto uliowahi kupita mahali unaijua njia. Usipoweza kuhama, basi angalau vitu visivyoweza kununuliwa tena visikae kwenye njia hiyo.

Hatua ya nne: simu yako. Wengi wetu tunaweka mtaji kwenye pesa ya simu, na ni vizuri, maana maji hayaifikii. Lakini jiulize, laini hiyo imesajiliwa kwa jina la nani? Kama ulisajiliwa na rafiki au dereva wa bodaboda kwa kitambulisho chake, siku simu ikipotea ni yeye anayeweza kuirudisha laini, si wewe. Akiwa amehama au mmegombana, pesa yako imekwama. Nenda ukaulizie kwa wakala wa kampuni ya simu namna ya kusajili kwa kitambulisho chako cha mkimbizi au karatasi ya familia. Na karatasi hizo zenyewe ziweke ndani ya kavera mbili, zifungwe vizuri, ziwe mahali ambapo hata mtoto wa miaka kumi anapajua.

Hatua ya tano: siku za baada ya balaa. Watu wengi hufikiri maji yakishaondoka hatari imekwisha. Bugoye ilitufundisha mambo mengine. Watafiti walipitia rekodi za vipimo vya malaria katika kituo cha afya cha Bugoye, za kabla na baada ya mafuriko ya Mei 2013. Waliona kwamba katika vijiji vilivyopakana na mito iliyofurika, uwezekano wa mtu aliyepimwa kukutwa na malaria uliongezeka kwa karibu asilimia 30, ukilinganisha na vijiji vilivyo mbali na mto. Yaani unajenga kibanda upya, unakopa mtaji upya, halafu unaanguka kitandani au mtoto anaugua, na mtaji unaishia kwenye matibabu na usafiri. Basi katika mpango wako wa biashara andika pia chandarua, na ukisikia homa nenda kapimwe mapema.

Na tazameni jambo moja hapo. Hayo yote yalijulikana kwa sababu kuna wahudumu walioandika kila mgonjwa kwenye rejista, na rejista zile zikawepo. Daftari la kituo cha afya liliweza kusema kilichotokea. Daftari langu mimi lilinyamaza.

Hatua ya sita: kubalianeni mapema nani atafanya nini. Tukitawanyika tutakutana wapi? Katibu akiugua nani ataandika? Aliyepoteza kila kitu atasamehewa riba kwa muda gani? Mambo haya yazungumzwe siku ya jua, watu wakiwa wanacheka. Ukiyaleta siku ya msiba kila neno linakuwa shutuma.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Kuna mama atakayesema: mwanangu, mimi nina sinia moja la nyanya, mpango wa nini? Namheshimu mama huyo, na namjibu hivi. Mwenye maduka kumi akipoteza moja anabaki na tisa. Wewe ukipoteza sinia umebaki na mikono. Ndiyo maana mpango unakuhusu wewe zaidi. Mpango wako unaweza kuwa mambo mawili tu: jina la jirani mmoja mtakayeazimana mtaji wa mzigo wa kwanza, na shilingi 500 kila siku ya soko zinazolala mahali pasipo nyumbani kwako. Kidogo hicho ndicho kitakachokutoa chini.

Wala sitawadanganya kwamba mpango unazuia maumivu. Hata kama daftari langu lingepona, nyumba ya mama mdogo ingekwenda tu. Lakini mama wale 22 wangekaa chini, wangehesabu mikopo iliyo nje, wangeanza tena na kidogo walicho nacho. Na wale wawili wangekuwa bado wanasalimiana.

Leo mimi ni katibu tena katika kikundi kingine, hapa kambini. Siku waliponichagua niliwaeleza habari za Bugoye kabla hawajasikia kwa mtu mwingine. Nikawaomba sharti moja, wakalikubali, na limeandikwa ukurasa wa kwanza: daftari na sanduku visilale nyumba moja.

Kazi yenu ya wiki hii ni ndogo. Usiku wa leo, kabla hujazima taa, uliza nyumbani mwako maswali matatu. Kumbukumbu zetu ziko wapi? Nakala yake iko wapi? Na nani mwingine anajua? Kama jibu la yote matatu ni chini ya kitanda, kesho asubuhi una kazi.

Kwa wale wa vikundi, njooni kituoni mtueleze mmekubaliana nini. Tutasoma mipango yenu katika kipindi kijacho, ili wengine wajifunze.

Mimi nawaaga. Mlale salama, na mvua ikinyesha, amshaneni.

(Muziki wa kufungia.)