Kiungulia Kisichokwisha
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Kitengela na Kajiado)



Tumeombwa tuseme juu ya kiungulia, na baadhi yenu mmecheka. Lakini tunao wenzetu wapakiao mifuko ya saruji ya kilo 50, na wengine wainamao kutwa katika mashamba ya maua, ambao wakiinama baada ya chakula cha mchana, maji makali huwapanda mpaka kooni. Nyapara asema ni uvivu. Sisi twasema huenda ni ngiri.

Si ile ngiri ya kinenani mnayoijua. Kati ya kifua na tumbo pana ukuta wa nyama uitwao kiwambo, nao una tundu la kupitisha umio, yaani njia ya chakula. Tundu hilo likilegea, sehemu ya juu ya mfuko wa chakula hupenya ikaingia kifuani, na ule mlango uzuiao maji makali haufungi tena sawasawa. Hulegea kwa umri, hasa baada ya miaka 50, kwa unene, kwa mimba, kwa kikohozi cha siku nyingi, na kwa kukaza tumbo mara kwa mara kama anyanyuavyo mpagazi. Wengi wanayo wala hawana habari. Kwa hiyo tusiseme kila ngiri imeletwa na kazi. Tukisema hivyo mwenye kazi atatushinda mbele ya daktari.

Kwa wengi tiba si kisu. Ule kidogo kidogo, na usilale mpaka muda wa saa 3 upite. (Nyama choma ya usiku wa mshahara, twaijua!) Inua kitanda upande wa kichwa kwa matofali, kama sentimita 15, kurundika mito hukunja tumbo tu. Dawa kama omeprazoli zipo, daktari akikupimia.

Tunalohofia ni vidonge vya dukani mwaka mzima. Chakula kikikwama, ukikonda bila sababu, ukitapika damu, au choo kikiwa cheusi kama lami, nenda hospitali. Saratani ya umio yaua watu wengi Kenya, na kukwama kwa chakula ni dalili yake kubwa. Na maumivu ya kifua yashukayo mkononi pamoja na jasho huenda ni moyo. Hayo hayangoji hata kesho.

Sheria ya Ajira ya 2007 yampa aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu, kila mwaka, akileta cheti cha daktari. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya 2007 pia, yakataza kumbebesha mtu mzigo ambao uzito wake waweza kumdhuru. Basi mwenye dalili hizi apate cheti kwanza, kisha amwone mwakilishi wa idara yake, tupate kumwombea kazi isiyo ya kuinama.