Surua haisubiri watoto kumi watimie



Mimi nasoma sheria, ila leo naanza na dada yangu. Alimbeba mwanawe wa miezi 9, akatembea hadi zahanati moja ya kijijini, siitaji. Akaambiwa: watoto hawajatimia, rudi wiki ijayo.

Kwa nini? Chupa ya chanjo ya surua na rubela ni ya watoto 10. Ikishachanganywa na maji yake, isipotumika ndani ya saa sita inamwagwa. Morogoro mjini watoto 10 wanapatikana asubuhi tu. Huku kwetu mama wako kwenye vitunguu. Muuguzi anaogopa kumwaga dozi, mtoto anarudi bila chanjo. Na akifika miezi 18, safari ni ileile.

Halafu watu wanasema mama wa kijijini ni mzembe! Jamani, kifungu cha 8 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinamtaka mzazi ampatie mtoto matibabu, ikiwemo chanjo. Sawa. Lakini kifungu cha 94 kinaitaka halmashauri ilinde ustawi wa mtoto. Dada ametimiza wajibu wake. Halmashauri je?

Vijana, kwenye mkutano wa kijiji tudai mambo mawili: chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri, na ratiba ya kliniki ya mkoba ibandikwe ofisi ya kijiji.

Tusiondoke bila kuona yameandikwa kwenye muhtasari.